Mdomo wa papa, vidudu vinavyoishi humo na namna ya kutoa ndoana bila kuumiza wala kuumia

Mtu akivua papa kwa mshipi anakutana na mambo matatu kwa mpigo, mdomo umejaa meno, ndoana imekaa mahali ambapo mkono haufiki, na pembeni ya mdomo au kwenye nyufa za matamvua kuna vidudu vimeng'ang'ania. Hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Mmoja anaiacha ndoana anaanza kubandua vidudu akidhani anamsaidia samaki, mwingine akiona vile vidudu anasema huyu papa mgonjwa bora afe tu, na mwingine anavuta mshipi kwa nguvu zote mpaka kitu kichomoke, kitoke na nini shauri yake. Mimi naona shida yote inaanzia kwenye kutojua ule mdomo wenyewe ni kitu gani, kwa hiyo tuanze na mdomo, manake ukishauelewa, habari ya vidudu na habari ya ndoana zinakuwa nyepesi sana.

Papa hana mfupa hata mmoja mwilini, mifupa yake yote ni gegedu, ile kitu ngumu kiasi lakini inapinda ambayo hata sisi tunayo kwenye sikio na pua. Taya lake la juu halijagandana na fuvu kama letu, limeshikiliwa na kano na misuli tu, ndo maana papa akiuma utaona taya zima linachomoka mbele, linatoka nje, linakamata, halafu linarudi mahali pake. Hilo kwa mvuvi lina maana mbili. Kwanza, umbali ambao papa anaweza kukufikia ni mkubwa kuliko unavyodhani ukimwangalia mdomo umefungwa. Pili, taya linalotegemea kano linaumia vibaya ukilivuta kwa ubavu kwa nguvu, unaweza kulitegua au kuchana zile nyama zinazolishika, na papa mwenye taya lililoharibika hawezi kula, hata kama umemwona anaondoka vizuri kabisa.

Meno nayo hayana mizizi kwenye taya. Yamekaa kwenye ufizi, safu nyuma ya safu, ya mbele yakichakaa au kung'oka ya nyuma yanasogea kuziba nafasi, na hii inaendelea maisha yake yote, papa mmoja anaweza kumaliza maelfu ya meno. Kwa hiyo jino moja likidondoka wakati unatoa ndoana usipate presha, lingine liko njiani. Ufizi ukichanika ndo habari nyingine, manake humo ndo meno mapya yanakotengenezwa. Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hata ngozi ya papa imefunikwa na vimeno vidogo sana vyenye muundo uleule wa jino, vyote vimelala kuelekea mkiani, ndo maana ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini, ukirudisha mkono kinyume inakuchuna ngozi hadi damu.

Halafu usimpime papa kwa ukubwa wa meno. Papa aina ya mako ana meno membamba yaliyochongoka yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, kazi yake kumshika samaki anayeteleza. Papa aina ya taiga ana meno mapana yenye makali ya msumeno, hayo yanakata mpaka gamba la kasa. Papa potwe, mkubwa kuliko samaki wote duniani, ana meno madogo sana ambayo hata hayatumii kutafuna, anachuja tu maji. Lakini wale papa wanaolala chini kwenye mchanga na miamba, ambao watu wanawaona wapole wanawashikashika, wana meno madogo yaliyobanana na mdomo wenye nguvu kubwa ya kufyonza, na akikukamata haachii. Watu wengi wanaumwa na hawa wapole kwa sababu hiyohiyo ya kuwazoea.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote, mdomo wa papa ndo njia yake ya pumzi. Maji yanaingia mdomoni, yanapita kwenye matamvua, yanatokea kwenye zile nyufa za ubavuni, nyufa 5 kwa papa wengi na 6 au 7 kwa wachache. Baadhi ya papa, hasa hao wa chini, wanaweza kuvuta maji wenyewe wakiwa wametulia. Wengine kama mako na papa mweupe mkubwa hawawezi, lazima waogelee mbele muda wote ndo maji yapite, akisimama anakosa hewa. Kwa hiyo kila dakika unayomshikilia papa wa aina hiyo huku ukihangaika na ndoana, ni dakika anayobanwa pumzi, na tena ametoka kupigana na mshipi misuli imejaa asidi. Ukimtoa nje ya maji ndo mbaya zaidi, vile vijinyuzi vya matamvua vinalala na kugandana havipati oksijeni, na viungo vya ndani ambavyo baharini vinabebwa na maji vinaanza kujikandamiza vyenyewe kwa uzito wake, manake papa hana mbavu za kuvilinda kama tulizo nazo sisi.

Na bado kuna pua. Chini ya pua na kuzunguka mdomo kuna vitundu vingi vimejaa ute, alivieleza Mwitaliano mmoja anaitwa Stefano Lorenzini mwaka 1678 lakini kazi ya vitundu hivyo ikaja kujulikana baadaye sana, kwamba vinanusa umeme, ule umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya samaki mwingine hata akiwa amejifukia mchangani. Kwa hiyo kumkandamiza papa pua, au kumgonga pua ili atulie, ni kumuumiza kwenye kiungo anachotegemea kupata chakula. Halafu papa hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini anakitia mdomoni. Kile kinachomfanya ashike ndoana sio uroho peke yake, ndivyo anavyoichunguza dunia.

Tuje kwenye vidudu, na hapa kuna upotoshaji mwingi unazunguka.

Ile picha maarufu ya mdudu mweupe aliyekaa mdomoni mwa samaki badala ya ulimi, sio ya papa. Yule ni isopoda, kijidudu jamii ya kamba, anaitwa Cymothoa exigua, anaingia kupitia matamvua ya samaki wa mifupa kama changu, anafyonza damu ya ulimi mpaka ulimi unasinyaa, halafu anakaa palepale. Papa hana ulimi wa nyama wa namna hiyo, alichonacho ni kipande cha gegedu chini ya mdomo ambacho hakisogei sana, kwa hiyo biashara ya kumlia papa ulimi haipo. Ukimwona kwenye samaki wako wa kitoweo, mdudu mwenyewe hana sumu kwa binadamu, ila akiwa hai anaweza kukufinya kidole.

Papa ana vyake. Vya kawaida kabisa ni kopepoda, vijidudu jamii ya kamba vilivyobadilika umbo mpaka huwezi kudhani ni ndugu wa kamba. Kuna wa ngozini, jenasi ya Pandarus kwa mfano, wamekaa kwenye mapezi na pembeni ya mdomo, rangi ya kahawia nzito au nyeusi, jike anaburuza nyuma nyuzi mbili ndefu, zile ni mafungu ya mayai. Ukiziona hizo nyuzi usidhani ni minyoo inatoka mwilini mwa papa. Wengine wanakaa ndani ya matamvua kabisa, wameshika kwa kucha au wamezamisha sehemu ya kichwa kwenye nyama. Yuko mmoja, Ommatokoita elongata, anayejishikiza kwenye jicho la papa wa Greenland, kwenye ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na papa wengi sana wa huko baridi wanakutwa naye. Sasa huyo papa wa Greenland ndo yule ambaye utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba anaishi angalau miaka 272. Yaani mnyama mwenye uti wa mgongo anayeishi muda mrefu kuliko wote tunaowafahamu, na bado anatembea na mdudu machoni. Mimi hilo linanigusa kila nikilifikiria, manake linaeleza vizuri kuliko maneno mengi kwamba mnyonyaji na mwenyeji wake wamezoeana tangu zamani za kale, na mnyonyaji anayemuua mwenyeji wake haraka anakuwa amejikatia mwenyewe chakula.

Kuna wale wanaitwa gnathiidi, isopoda wadogo sana, hao watoto wao ndo wanaonyonya damu, wanajaa kwenye matamvua na ndani ya mdomo, wakishiba wanadondoka wanakwenda kukua chini baharini, na wakishakuwa wakubwa hawali tena kabisa. Kuna ruba wa baharini, huyu ndo anatisha watu zaidi kwa sababu anaonekana, anajikunja na kujinyoosha, anakaa kwenye ufizi, kwenye matamvua, karibu na njia ya haja, popote pale ngozi ilipo laini. Kuna vinyoo bapa vya kwenye matamvua ambavyo bila lenzi huvioni. Na ndani kabisa, kwenye utumbo wa papa ambao umezunguka kwa ndani kama ngazi ya mviringo, kuna tegu wa kila aina, papa wengi unaowapasua utawakuta nao, na ndo kawaida yao. Hao tegu wanapita kwanza kwenye wanyama wadogo na samaki wadogo wakiwa wachanga, papa akimla yule samaki ndo tegu anafika nyumbani kwake anakokulia.

Halafu kuna wapangaji ambao hata kuwaita wanyonyaji ni kuwaonea. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walitangaza aina mpya ya amfipoda, Podocerus jinbe, kadudu kengine jamii ya kamba ka milimita chache tu, kalikutwa kwa mamia na mamia ndani ya mdomo wa papa potwe, wanakaa pale kwa sababu maji mapya yanapita muda wote na chakula kinakuja chenyewe. Kuna chazo, wale samaki wenye kibandiko juu ya kichwa, ambacho ni pezi la mgongoni lililobadilika, wao wanapanda bure lakini wanalipa kidogo kwa kula kopepoda waliopo kwenye ngozi ya papa. Na ili usidhani bahari ina mipaka, mwaka 1992 mako mmoja mkubwa aliyetolewa maji ya Marekani huko Montauk, New York, alipopasuliwa alikutwa na mikunga wawili wadogo ndani ya moyo. Ndani ya moyo kabisa, tumbo zimejaa damu. Hao kwa kawaida wanakula mizoga kina kirefu, inaonekana waliingia kupitia matamvua papa akiwa hoi.

Na papa wenyewe wanajitibu kwa namna yao. Kule Ufilipino, kwenye miamba ya chini ya maji karibu na kisiwa cha Malapascua, papa wenye mkia mrefu wanapanda kutoka kina kirefu alfajiri wanakuja kuzunguka polepole mahali penye samaki wadogo wasafishaji, wanawaacha waingie mpaka kwenye matamvua wawatoe vidudu. Samaki mkubwa mwenye mkia wa mjeledi anatulia ili mdogo kama kidole amsafishe. Kwa hiyo huduma hiyo ipo, haina haja ya mvuvi mwenye plaizi.

Ndo nasema hivi waziwazi, usibandue vidudu kwenye papa unayetaka kumrudisha. Wengi wao wameshika kwa ndoano za mwili au wamezama kwenye nyama, ukivuta mwili unakatika kichwa kinabaki, sasa umeongeza kidonda palipokuwa na kero tu. Ukibandua kwenye matamvua unaweza kuchana mishipa ya damu iliyo wazi kabisa pale. Na muhimu kuliko hayo, unakula muda, na muda ni pumzi yake. Hata ukimkuta amejaa vidudu na amekonda, hapo kwenye boti huna dawa ya kumpa, kitu pekee chenye faida ni kumwachia haraka. Na kwako wewe, hao kopepoda na ruba wa papa hawahamii kuishi kwa binadamu. Kama samaki ni wa kula, mpike mpaka ndani aive, mabuu ya minyoo yanakufa, na kwa wanaokula samaki mbichi kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ndo kipimo kinachotumika.

Kwa hiyo mdomoni mwa papa kuna vitu vingi vinavyoonekana vya ajabu lakini vina haki ya kuwepo. Kisicho na haki ni ndoana.

Na habari ya ndoana inaamuliwa kabla hujatupa chambo. Ndoana ya umbo la J ikimezwa inachoma popote inapogusa, kooni, tumboni, kwenye matamvua. Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi kuelekea kwenye shina, ikimezwa na mshipi ukavutika taratibu inateleza mpaka inafika pembeni ya mdomo halafu inageuka na kushika pale kwenye kona ya taya. Sharti lake moja, usipige mshipi kwa kishindo papa akigusa, wewe kaza polepole tu ijishike yenyewe, ukipiga kwa nguvu umeharibu kazi yake yote. Zile ambazo ncha yake imeelekea pembeni kidogo hazifanyi vizuri kama zile zilizonyooka. Kijino cha ndoana, kile kinachozuia isirudi, kibonyeze na plaizi kilale, papa hapotei kirahisi ukiwa umekaza mshipi, na wakati wa kutoa utanishukuru. Na achana na ndoana za stenles. Hizo hazishiki kutu, ikibaki imebaki. Utafiti wa papa taiga kule Tahiti, uliotolewa 2020, ulikuta zaidi ya theluthi moja ya papa waliofuatiliwa walikuwa wamewahi kunasa ndoana, na ya stenles ilionekana kukaa kwa papa zaidi ya miaka 7. Chuma cha kawaida kinaliwa na chumvi mapema zaidi.

Mshipi wenyewe uwe mzito wa kutosha umlete papa haraka. Wapo wanaojisifia kupigana na papa saa nzima kwa mshipi mwembamba, na sikubaliani na hilo hata kidogo, kwa sababu papa kama wale wa kichwa cha nyundo wanachoka vibaya kuliko wengine, anaweza kuondoka anaogelea ukafurahi, kumbe atakufa baadaye. Taiga anastahimili zaidi. Na wale wenye mkia mrefu wanapiga chambo kwa mkia, kwa hiyo ndoana mara nyingi inawanasa mkiani, unamvuta kinyumenyume, maji hayaingii mdomoni, anazama kwa kukosa pumzi wakati wewe unadhani amechoka tu.

Vifaa viwe mkononi, sio chini ya viti. Unahitaji kitoa ndoana cha mpini mrefu, mkasi mkubwa wa kukatia chuma wenye uwezo wa kukata ndoana yako yenyewe (ujaribu nchi kavu kwanza, usije ukagundua papa akiwa ubavuni), kisu cha kukatia mshipi, na mtu wa pili. Peke yako na papa mkubwa, kata mshipi tu.

Papa akifika, abaki majini. Kama ni boti, iende mbele taratibu sana kichwa chake kikielekea mbele maji yapite mdomoni. Kama ni ufukweni, asimame penye maji yanayofunika matamvua, asiburuzwe mchangani, na wewe usisimame mbele ya mdomo wala katikati yake na mawimbi manake wimbi moja linawaleta pamoja. Usimnyanyue kwa mkia, uti wake wa gegedu unavutika na matumbo yanashuka. Usitumie upembo wa kumchoma. Usiingize vidole kwenye nyufa za matamvua kama unavyofanya kwa samaki wengine, hiyo kwa papa ni kama kumtia mtu vidole kwenye mapafu.

Hapo sasa angalia, na jiulize swali moja tu, naiona ndoana au siioni? Usiingize mkono kutafuta, na usimfungue mdomo kwa nguvu kwa kuweka mbao au chuma katikati ya taya. Kama huioni, imekaa kooni au tumboni, haitoki kwa mkono wa mtu, na kuvuta ni kurarua umio na kilicho nyuma yake, moyo na ini viko karibu mno. Papa ana uwezo wa kutapika mpaka tumbo linageuka linatokea mdomoni kisha analirudisha, lakini hiyo inasaidia kwa kitu kisichochoma, ndoana iliyozama kwenye nyama haitoki hivyo. Papa wa bluu waliopasuliwa wamekutwa na ndoana za zamani zilizotoboa ukuta wa tumbo na kuleta uvimbe hadi kwenye ini. Kwa hiyo kata mshipi karibu kabisa na mdomo uwezavyo kwa usalama. Hii ya karibu ni muhimu kuliko watu wanavyoichukulia, kwa sababu lida, yaani kile kipande cha waya au mshipi mgumu kinachoshika ndoana, ikibaki ndefu inaning'inia, inajizungusha kwenye mapezi na mkia, inakata nyama polepole kwa miezi, inanasa kwenye miamba. Ndoana moja kooni papa anaweza kuishi nayo, mita mbili za waya zinazomburuzikia ni hatari nyingine kabisa.

Kama unaiona na iko kwenye kona ya mdomo au mdomoni kwa mbele, basi kaza mshipi kwa mkono mmoja usiwe umeuzungusha mkononi, wala usiuzungushe kidoleni, ushike tu ili ukivutwa ghafla uachie. Telezesha kitoa ndoana kwenye mshipi mpaka kifike kwenye mkunjo wa ndoana, sukuma kurudi njia ileile ndoana ilikoingilia, zungusha kidogo, itoke. Nguvu iende kwenye ndoana, isiende kwenye taya, kumbuka zile kano. Ikiwa ncha imetokeza upande wa pili, kata ncha pamoja na kijino chake kwa ule mkasi, kilichobaki kinateleza chenyewe. Ikiwa imekataa ukajaribu mara mbili tatu na papa anaanza kuzungukazunguka, kata shina la ndoana fupi kadiri inavyowezekana umwache. Kujua kuacha mapema ni sehemu ya ufundi, na wavuvi wenye vidole vyote wengi wao wako hivyo.

Watu wanaulizia ile ya kumgeuza papa chali atulie. Ni kweli aina nyingi zikigeuzwa zinaingia kwenye hali ya kuganda kama amelala, watafiti wanaitumia. Lakini anaweza kuzinduka ghafla, na kupumua kwake kunavurugika akiwa vile, kwa hiyo kwa mvuvi wa kawaida siishauri, kwa papa mkubwa ndo kabisa.

Wadogo nao wasikudanganye. Papa mdogo anajipinda mpaka mdomo unafika karibu na mkia wake mwenyewe, gegedu hiyo, kwa hiyo ukimshika mkia peke yake anakufikia. Mkono mmoja nyuma ya kichwa baada ya matamvua, mwingine kwenye shingo ya mkia, mkono uwe na maji, usibane tumbo. Angalia pia kama ana miiba mbele ya mapezi ya mgongoni, baadhi ya papa wadogo wanayo na ina sumu kidogo. Na papa anayeonekana amekufa usimtie mkono mdomoni, taya zinaweza kufunga zenyewe hata baada ya muda.

Ndoana ikitoka, mwelekeze anakotoka mkondo na umwache aende mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma, maji yanayoingia kinyume kwenye matamvua hayamsaidii. Picha kama unataka ipigwe akiwa majini wakati kazi inaendelea, isiwe sababu ya kumshikilia. Ikiwa ni aina inayolindwa na sheria, na nchi nyingi sasa zina orodha, basi hata kumtoa majini kunaweza kuwa kosa. Tathmini ya mwaka 2021 ilionyesha zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na taa ziko kwenye hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni uvuvi wenyewe, papa wanachelewa kuzaa na wanazaa wachache, kwa hiyo mmoja mkubwa anayerudi hai ni hesabu kubwa.

Upande wako, ukiumwa, damu ndo ya kwanza. Bana jeraha kwa nguvu na kitambaa, kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kwa nguvu sehemu iliyo juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, na uende hospitali, usifungue kuchungulia. Jeraha dogo lioshe kwa maji safi mengi, na uulize habari ya chanjo ya pepopunda. Mdomo wa papa na maji ya bahari vina bakteria kama Vibrio, jeraha linaweza kubadilika ndani ya masaa, likivimba haraka, likiuma kupita ukubwa wake au ukapata homa, usilale nalo, hasa kama una shida ya ini au kisukari. Ndoana ikikuingia wewe karibu na jicho au kwenye shingo, iache ilivyo uende nayo. Na kuna bakteria wanaokua taratibu wanaoingia kupitia mikwaruzo ya ngozi ya samaki, kidole kinakuwa chekundu au kinaota kinundu wiki kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau safari yenyewe, hapo mwambie daktari kwamba ulishika samaki wa baharini, kwa sababu dawa za kidonda cha kawaida mara nyingi hazigusi hao na asipojua hawezi kuwatafuta.